Ndoa imefungwa, ritani inasema bado: kunyoosha hali ya ndoa kwenye kodi ya Marekani

Kosa lenyewe huanzia kwenye kisanduku kimoja juu ya fomu 1040, ritani ya kodi ya kila mwaka. Mtu amekuwa akijaza Single, yaani asiye na ndoa, tangu afike Marekani, programu ya kodi imekumbuka majibu ya mwaka jana, naye anabonyeza endelea, endelea, mpaka mwisho. Katikati ya mwaka huo alioa. PAYE ya Nairobi au Dar es Salaam haimuulizi mfanyakazi kama ana mke au mume, kwa hiyo wengi waliozoea mshahara wa nyumbani hawadhani kwamba ndoa ni habari ya mtoza kodi. Kwa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ndoa ndiyo swali la kwanza, na jibu lake hubadilisha kiwango cha kodi, punguzo la msingi (sehemu ya kipato isiyotozwa kodi) na nafuu karibu zote za fomu.

Siku inayoangaliwa ni 31 Desemba. Ukiwa na ndoa halali usiku huo, unahesabiwa mwaka mzima kuwa una ndoa, hata kama nikah ilisomwa tarehe 30. Ukiwa umepata hukumu ya mwisho ya talaka kufikia siku hiyo, mwaka mzima unahesabiwa huna ndoa. Kuishi mbalimbali tu, mmoja Dallas na mwingine Minneapolis, hakuvunji ndoa mbele ya kodi.

Halafu linakuja swali la tarehe. Watu wetu tuna nikah au harusi ya kanisani, tuna ndoa ya bomani, tuna ya kimila, kisha tuna ile ya ukumbini yenye kadi na wapiga picha. IRS haihesabu ukumbi. Inatambua ndoa iliyo halali pale ilipofungwa, mradi iwe ndoa ambayo angalau jimbo moja la Marekani lingeitambua. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 na ile ya Kenya ya 2014 zinakubali ndoa za kidini, za kiserikali na za kimila. Basi nikah iliyosomwa Tanga mwezi wa Novemba na sherehe iliyofanyika Columbus Julai inayofuata ni ndoa ya Novemba, na ritani ya mwaka ule wa nikah haiwezi kusema Single. Cheti ndicho kinachomaliza ubishi. Ndoa ya kimila isiyosajiliwa ndiyo ngumu, na hiyo iulizie kwa wakili kabla ya kugusa fomu yoyote. Mke wa pili hana nafasi kwenye ritani.

Mwenye ndoa ana njia mbili za kawaida: kujaza pamoja na mwenzake, iliyoandikwa Married filing jointly, au kila mtu na yake, Married filing separately. Ya tatu ni Head of Household, mkuu wa kaya, na hii ndiyo inayowaponza wengi. Jina linavutia. Mwanamume anasema, mimi ndiye mkuu wa kaya, nani mwingine? Lakini mwenye ndoa hukubaliwa humo kwa masharti: mwenzake asiwe ameishi nyumbani humo miezi sita ya mwisho ya mwaka, yeye awe amelipa zaidi ya nusu ya gharama za nyumba, na mtoto wake awe amekaa naye zaidi ya nusu ya mwaka. Mume na mke wanaolala nyumba moja hawawezi kuwa wakuu wa kaya wawili, hata wakigawana watoto mmoja mmoja kwenye karatasi. Mtayarishaji anayekugawia watoto hivyo ili marejesho, yaani kodi unayorudishiwa, yanenepe anakukopesha pesa za IRS, na atakayedaiwa ni wewe.

Tazama hesabu, kwa viwango vya mwaka wa kodi 2024. Punguzo la msingi lilikuwa dola 14,600 kwa asiye na ndoa na kwa mwenye ndoa anayejaza peke yake, 21,900 kwa mkuu wa kaya, na 29,200 kwa wanandoa waliojaza pamoja. Chukua mume mwenye mshahara wa 52,000 na mke asiye na kipato. Akijaza Single, kinachotozwa kodi ni 37,400 na kodi yake ni takriban dola 4,260. Wakijaza pamoja, kinachotozwa ni 22,800, na kodi inashuka hadi kama 2,280. Karibu dola 2,000 zimeachwa mezani kwa sababu ya kisanduku.

Sasa igeuze. Mume 48,000, mke 40,000, watoto wawili, wote nyumba moja, kila mmoja kajaza mkuu wa kaya na mtoto mmoja. Kodi zao mbili zinajumlika kuwa takriban 4,640. Ritani sahihi ya pamoja inatoa takriban 6,590. Hiyo ni tofauti ya dola 1,950, na bado hatujafika kwenye EITC, ile nafuu ya wenye kipato cha chini: kila mmoja alipata kitu kwa ritani yake ya uongo, lakini wanandoa wenye watoto wawili walikoma kuistahili mwaka huo kipato chao kilipofika dola 62,688. Wao wana 88,000, kwa hiyo yote inarudishwa. Marekebisho si kila mara habari ya kupata pesa. Hata hivyo anayejirekebisha kabla IRS haijamwandikia huepuka adhabu ya asilimia 20 ya kukosea hesabu, ingawa riba tangu tarehe ya mwisho ya kulipa inabaki. Anayesubiri barua hana kinga hiyo, na akionekana alidai EITC kwa uzembe anaweza kufungiwa nafuu hiyo miaka 2. Kwa udanganyifu, ni miaka 10.

Fomu ya kurekebisha ni 1040-X. Usiiharakishe: kama ritani ya kwanza bado inashughulikiwa, iache imalizike, vinginevyo karatasi mbili zinapishana njiani na zote zinachelewa. Kila mwaka unaorekebishwa una fomu yake, na ukituma kwa posta, bahasha yake. Kwa mtandao unaweza kurekebisha mwaka wa kodi wa sasa na miaka miwili iliyotangulia. Ya zamani zaidi huenda kwa karatasi, kwa anwani inayotegemea jimbo unaloishi.

Juu ya fomu unatia alama hali sahihi ya ndoa. Chini yake kuna safu tatu: A ni tarakimu za ritani ya kwanza, B ni tofauti, C ni tarakimu sahihi. Mke asiyekuwa na ritani yake huingia mzima kwenye B, kipato chake na kodi aliyokatwa kazini. Kama wote wawili walishatuma ritani za Single, chagueni moja iwe msingi: tarakimu zake ziende safu A, na za mwenzake ziingie B. Hapo ndipo mkono unapoteleza. Tuseme mume alirudishiwa 1,200 na mke 800, na ritani sahihi ya pamoja inatoa marejesho ya 3,100. Mtu anakumbuka ile 1,200 ya ritani iliyokuwa msingi, anasahau 800 ya mwenzake, anadai 1,900. Anachostahili ni 1,100. Marejesho yote yaliyokwisha kutolewa, ya wote wawili, yaandikwe kwenye mstari wake, la sivyo ile ziada itafuatwa pamoja na riba.

Sehemu ya maelezo wengi hujaza insha. Sentensi mbili zinatosha: tulifunga ndoa tarehe fulani, ritani ya kwanza ilijazwa Single kwa makosa, tunabadilisha kuwa ya pamoja na kuongeza kipato cha mwenzi. Usieleze nani alikudanganya. Ambatisha kila fomu iliyobadilika kwa sababu ya hali mpya, kama jedwali la watoto, la EITC, au fomu 8962 kwa waliopata ruzuku ya bima ya afya ya soko la serikali. Hiyo 8962 husahauliwa sana, na kwa walioana katikati ya mwaka ina hesabu mbadala inayoweza kupunguza ruzuku ya kurudisha. Ritani ya pamoja ina sahihi mbili. Fomu yenye sahihi moja itarudishwa, na wiki zako zinaanza upya.

Kuhusu muda: kudai marejesho una miaka 3 tangu ulipotuma ritani, na ukituma mapema inahesabiwa kama uliituma siku ya mwisho, au miaka 2 tangu ulipolipa kodi, ule unaoisha baadaye. Ritani ya 2024 iliyotumwa kwa wakati ina nafasi mpaka katikati ya Aprili 2028. Mlango kati ya pamoja na peke yake hufunguka upande mmoja tu. Kutoka kila mtu na yake kwenda ya pamoja, mnaweza ndani ya miaka 3 tangu tarehe ya mwisho ya ritani. Kutoka pamoja kurudi kila mtu na yake, tarehe hiyo ikishapita hairuhusiwi, hata mkikosana vipi. Aliyejaza Single kimakosa yuko pazuri kidogo: mwaka 2017 Mahakama ya Kodi ya Marekani iliamua kwamba ritani ya Single ya mtu mwenye ndoa si ile ritani ya peke yake inayotajwa na sheria, kwa hiyo vizuizi vya kubadilisha ritani ya peke yake kuwa ya pamoja havimbani.

Kabla ya kutia sahihi ya pamoja, kaeni mzungumze madeni. Ritani ya pamoja inamfanya kila mmoja adaiwe kodi yote, si nusu yake, ya mwaka huo. Mwenzako akiwa na deni la malezi ya mtoto au kodi ya nyuma, marejesho yenu yanaweza kukamatwa, na sehemu yako utaidai kwa fomu 8379. Kama biashara yake huijui hesabu, kujaza kila mtu na yake ni halali kabisa. Bei yake ni kukosa nafuu kadhaa, EITC ikiwemo kwa walio wengi. Na kwa wakazi wa Texas, Washington, California na majimbo mengine sita yenye sheria ya mali ya pamoja ya ndoa, kujaza peke yake hakumaanishi kuandika mshahara wako tu: vipato vya ndoa hugawanywa nusu kwa nusu kwa fomu 8958. Programu nyingi haziligusi hilo mpaka uzilazimishe.

Sasa mwenzi aliyebaki nyumbani, kwa kuwa hii ndiyo hali ya wengi wetu. Mume ana karatasi za ukaaji au uraia, ameoa Mombasa, mke bado anasubiri viza. Ameshaoa, kwa hiyo Single imekwisha. Anaweza kujaza peke yake kama mwenye ndoa, na kwenye nafasi ya namba ya mke asiye na namba yoyote anaandika NRA. Au wawili wanaweza kuchagua mke ahesabiwe mkaazi kwa ajili ya kodi, wajaze pamoja, wachukue lile punguzo kubwa. Uchaguzi huo hufanywa kwa tamko linaloambatishwa kwenye ritani: kwamba siku ya mwisho ya mwaka mmoja alikuwa raia au mkaazi na mwingine hakuwa, kwamba wote wanachagua kuhesabiwa wakaazi mwaka mzima, majina, anwani na namba zao, sahihi za wote wawili. Unaweza kufanywa hata kwa 1040-X, ndani ya muda ule ule wa marejesho.

Gharama yake ni kwamba kipato cha mke popote duniani kinaingia, kodi ya vyumba vya Likoni na faida ya duka la Kariakoo vikiwemo. Uchaguzi huendelea miaka inayofuata mpaka usitishwe, na ukishafutwa, hakuna kati yao anayeweza kuurudia tena. Mke akiwa hana kipato, hesabu kwa kawaida inapendelea pamoja. Akiwa na biashara nzuri, piga hesabu mara mbili. Mwanafunzi au mgeni anayejaza 1040-NR hayuko katika mjadala huu, kwani fomu hiyo haina ritani ya pamoja.

Mke asiye na namba ya Social Security, ile ya hifadhi ya jamii ya Marekani, anahitaji ITIN, namba ya kodi tu, inayoombwa kwa fomu W-7 iliyofungwa pamoja na ritani yenyewe na kupelekwa kitengo cha ITIN huko Austin, Texas. Ndiyo maana ombi la namba huja na karatasi, si kwa mtandao wa kawaida. Pasipoti peke yake inatosha kama kitambulisho, lakini iwe ya asili au nakala iliyothibitishwa na idara iliyoitoa, yaani uhamiaji wa Kenya au Tanzania wenyewe. Muhuri wa wakili wa mtaani hautoshi, na huu ndio mkwamo unaoonekana mara nyingi kuliko wowote: W-7 inarudi miezi miwili baadaye, na ritani ya pamoja inabaki imesimama. Wasiotaka kutuma pasipoti ng'ambo hutafuta wakala aliyeidhinishwa na IRS kuthibitisha nyaraka. Tengeni wiki 7, na 9 hadi 11 msimu wa kodi au ombi linapotoka nje ya Marekani. Na ukumbuke: ritani ya pamoja yenye ITIN ya mmoja wenu haina EITC.

Mume huyo huyo anaweza kuambiwa ajaze mkuu wa kaya kwa kuwa mke hayupo. Kuna kipande cha ukweli hapo. Mwenzi asiye mkaazi ambaye hakuchaguliwa kuwa mkaazi hamzuii mwenzake kuhesabiwa kama hana ndoa kwa ajili ya hali hiyo tu. Lakini lazima awepo mtegemezi wa kweli, na mke mwenyewe hahesabiki. Mtoto awe ameishi naye Marekani zaidi ya nusu ya mwaka. Mama mzazi anaweza kuishi nyumba nyingine, ila mtegemezi asiye raia lazima awe mkaazi wa Marekani, Kanada au Meksiko. Mama aliyeko Kisumu unayemtumia M-Pesa kila mwezi, hata ukimlisha kwa asilimia mia, haingii.

Ukishatuma, ritani iliyorekebishwa huanza kuonekana kwenye zana ya IRS ya kufuatilia baada ya kama wiki 3. Unahitaji namba ya Social Security, tarehe ya kuzaliwa na msimbo wa posta. Kawaida inachukua wiki 8 hadi 12, wakati mwingine 16. Kutuma ya pili kwa sababu ya kwanza imechelewa ni kuongeza foleni. Kama unadaiwa, lipa siku unayotuma fomu, kwani riba huhesabiwa kila siku na adhabu ya kuchelewa kulipa ni asilimia 0.5 kwa mwezi.

Kisha jimbo. Hii haifanyiki yenyewe. Texas na Washington hazikati kodi ya mshahara, lakini Minnesota ina fomu yake M1X na inataka taarifa ya mabadiliko ya IRS ndani ya siku 180. Majimbo mengi hutaka nakala ya 1040-X. Mtu akirekebisha ya shirikisho na kusahau ya jimbo, barua humfikia mwaka unaofuata, na kwa kawaida ile ya jimbo ndiyo yenye ukali zaidi.

Kwa walio kwenye maombi ya uhamiaji, jambo la transkripti, yaani muhtasari wa kumbukumbu zako unaotolewa na IRS, linahitaji jicho. Ritani iliyorekebishwa haionekani kwenye transkripti ya ritani, kwani hiyo huonyesha kilichojazwa mara ya kwanza. Anayempa ofisa transkripti hiyo anampa karatasi inayosema Single wakati I-130, fomu ya kumwombea mwenzi uhamiaji, inasema ana mke. Chukua transkripti ya akaunti, au ile inayounganisha zote mbili, na utafute mistari yenye msimbo 971 au 977, inayoonyesha ritani iliyorekebishwa imepokewa. Msimbo 291 ni kodi iliyopunguzwa, 846 ni marejesho yaliyotumwa. Weka pamoja na nakala ya 1040-X na cheti cha ndoa. Mtu aliyejirekebisha kabla hajaulizwa ana jibu fupi, na ofisa husikia makosa ya namna hii kila siku.

Majina nayo yalingane. Mke aliyechukua jina la mume kwenye leseni lakini hajalibadilisha Social Security ajaze ritani kwa jina lililoko Social Security. Mfumo hulinganisha jina na namba, ukiona havipatani ritani ya mtandao hukataliwa palepale. Fomu ya kubadilisha jina huko ni SS-5.

Mwisho wa kazi ni W-4 ya kazini, fomu inayomwambia mwajiri akukate kodi kiasi gani, kwani ndiyo inayozalisha deni la mwaka kesho. Mke na mume wote wakifanya kazi na kila mmoja akaandika ya pamoja bila kutia alama kisanduku cha 2(c), kila mwajiri anakata kana kwamba mshahara ule ndio wa pekee nyumbani, na Aprili mnadaiwa. Vipato vyenu vikikaribiana, tieni alama 2(c) kwenye W-4 zote mbili. Kama mmoja ni mkubwa sana kuliko mwingine, kisanduku hicho kitakata kupita kiasi. Tumieni kikokotoo cha IRS na muandike kiasi cha ziada katika hatua ya 4 kwa mwenye mshahara mkubwa. Halafu tazama stakabadhi ya mshahara unaofuata: ofisi za malipo huweka W-4 pembeni wiki mbili bila kuiingiza, na hamna atakayekuambia.